Mwili wa Shahamu

3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi limekuwa mtabiri wa hali ya hewa: likivimba, mvua inakuja, na akishasema hivyo hakuna wa kumbishia. Shemeji yako yuko na duka lake la vipuri vya baiskeli na anadai umemsahau. Wadogo wanasoma. Mpwa wako Spika, tangu apewe kazi ya kusimamia vipaza sauti vya kanisa, lile jina mlilompa utotoni kwa ajili ya kelele zake limegeuka cheo. Anatembea na nyaya shingoni kama daktari.

Naandika kwa sababu kwenye simu nitapayuka, na wewe utakata. Barua huwezi kuikata.

Jumapili Mchungaji alisimama akatuambia kwamba huko mjini, kwenye ukumbi wa maonyesho, wamemtundika Bwana wetu msalabani, na mwili wake umetengenezwa kwa mafuta ya ng'ombe. Si picha. Shahamu yenyewe ya buchani, imeachwa ioze mbele ya watu, nzi wanaitembelea. Hakutaja jina la msimamizi wa ukumbi. Hakuwa na haja. Nusu ya kanisa waligeuka kunitazama.

Unaijua kazi yangu pale. Kila Jumamosi nafua vitambaa vya madhabahu kwa mkono, peke yangu, na maji ya kwanza siyamwagi chooni, nayamwaga kwenye udongo safi kama alivyonifundisha marehemu bibi. Sasa niambie: mimi nikiwa nafua vitambaa hivyo, mdogo wangu wa tumbo moja yuko mjini anakinga ndoo chini ya nini?

Niandikie kwamba ni uongo. Hata kama si uongo, anza hivyo.

Dada yako

*

19 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika na salamu nimezigawa. Wifi yako anakuamkia. Amehamishiwa shule nyingine, darasa lina watoto wengi kuliko madawati, na jioni anarudi hana sauti ya kunigombeza, jambo ambalo nalikubali kwa shukrani. Mpe mama pole ya goti. Shemeji mwambie simsahau, hata baiskeli yangu haimsahau, imesimama.

Si uongo.

Nakueleza mwenyewe ili usiongezewe chumvi. Ni msalaba wa mbao za kawaida, na juu yake mtu mzima wa shahamu nyeupe, iliyoshindiliwa kisha ikachongwa kwa kisu. Siku ya kwanza, Mungu anisamehe, kilikuwa kitu kizuri. Mbavu zilionekana. Vidole vya miguu vilikuwa na kucha. Halafu zikawashwa taa. Sasa uso umeteremka mpaka kifuani, mdomo umebaki tundu, tumbo limekuwa la manjano na linatoka jasho. Linadondoka. Kila asubuhi kabla ya wageni, mimi na mfagiaji tunakwangua sakafu kwa vipande vya bati. Uvundo umeingia kwenye mapazia, kwenye makaratasi ya ofisini, kwenye nywele zangu. Wifi yako ananivua shati mlangoni. Nyama sijaila tangu Januari, nikipita buchani nabana pumzi.

Aliyekitengeneza ni kijana aliyesoma nje, anazungumza nawe kana kwamba anakufanyia hisani. Nilipomuuliza maana yake, akaniambia kila mtu atakula anachoweza kumeza. Simpendi. Mlinzi wetu anamwita Bwana Shahamu, tena mbele yake.

Huyu mlinzi ungempenda. Ni mzee, Mwislamu, mlalamishi wa kuzaliwa. Analalamikia kiti, analalamikia chai, wanangu wakija analalamikia kimo chao. Siku msalaba ulipowekwa alikichukua kiti chake akakigeuza, akaupa mgongo. "Hata kwetu huyu ni mtume," aliniambia. "Mimi nimeajiriwa kulinda mlango. Kukipenda kilichomo ndani hakumo kwenye mkataba."

Utauliza kwa nini sikiondoi. Kamati ya ukumbi ndiyo iliyokipitisha, lakini ufunguo ninao mimi, ningeweza. Dada, mwaka juzi walikuja watu wakitaka nizishushe zile katuni zilizowachora wakubwa kama viroboto. Nilikataa, na wewe ulinipigia simu ukaniimbia sifa. Leo nikishusha hiki kwa kuwa kinanichefua mimi, kesho atakuja mwingine na kichefuchefu chake, nami nitamjibu nini? Kinanichefua. Sikishushi. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yananinyima usingizi.

Mdogo wako

*

10 Machi

Mdogo wangu,

Wazima. Mama anakusalimu. Hajaambiwa, na usimwambie.

Barua yako nimeisoma na kuirudia nikitafuta mahali uliposema samahani. Nimekuta habari za kucha.

Wale viroboto walikuwa watu wanaotunyonya kweli. Kuwacheka ni haki yetu, na wao wana askari na magari ya kujifariji. Bwana ana nini? Ana sisi. Usivichanganye.

Nikupe mfano na unijibu kama mwanamume. Mtu amchukue mama yetu, mama huyu huyu wa goti, amchonge kwa shahamu, kila mkunjo wa uso wake, amtundike uchi chini ya taa mpaka matiti yadondoke sakafuni, na watu wapite wanatazama mikono nyuma. Halafu akwambie kila mtu atakula anachoweza kumeza. Utakwenda kutafuta bati ukwangue? Utamvunja shingo, na katika ukoo huu hakuna atakayekulaumu. Kwangu Bwana si mfano wala si wazo la kujadiliwa na kamati. Ni mtu wa nyumbani. Niliongea naye wanangu walipokuwa na homa, niliongea naye tulipomzika baba, na wewe ulikuwa umesimama pembeni yangu. Jirani akija kujisaidia uani kwangu, nitanyamaza kwa kuwa tumbo lake lina uhuru?

Vijana wa kanisa watakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuomba nje ya ukumbi wenu. Basi limepatikana. Akina mama tumewashonea vitambaa vyekundu vya kichwani. Vyote nimevipiga pasi mimi. Chakula tutawafungia. Spika atakuja na vyombo vyake. Nimemwambia akikuona akuamkie kwa heshima, wewe ni mjomba wake hata ukiwa umepotea.

Wakisimama pale wakiimba, toka nje uwasikilize. Nakuomba hilo tu.

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Naamini nyote wazima. Hapa wifi yako yuko salama, watoto salama, na mimi nina mchubuko wa mkono usio na maana.

Nilitoka nje kama ulivyoniomba. Nataka ulijue hilo kwanza. Walifika mchana, wakajipanga kwenye lami mbele ya ngazi na vitambaa vyao vilivyonyooka kwa pasi, wakaimba. Dada, waliimba vizuri. Niliwapelekea maji. Mlinzi alilalamika kwamba wale wa sauti nzito wanachelewa. Nikawaza, basi hivi ndivyo inavyotakiwa: wao wanasema lao nje, kile kitu kinasema lake ndani, na mimi nimesimama katikati nagawa maji.

Halafu mtu mzima mmoja aliyekuja nao, sijui cheo chake, akachukua kipaza sauti akawauliza wanaziimbia ngazi za nini wakati adui yumo ndani. Hakuhitaji kurudia. Walipanda.

Mlinzi alisimama mlangoni kakishika kiti chake mbele ya kifua. "Wanangu," aliwaambia, "hata mimi sikipendi. Shukeni." Akapigwa na chuma. Chuma kirefu chenye miguu mitatu. Kilimpata usoni. Alipoanguka wakamruka.

Ndani walikibomoa kwa mikono. Shahamu haivunjiki, wakawa wanaing'oa matonge matonge na kuyatupa ukutani, wanateleza, wanaangukia humo humo, wanainuka wamepakaa mpaka kwenye nyusi, na bado wanaimba. Wengine walitapika huku wanavuta. Nimeishi na kile kitu tangu Januari, nikadhani nimemaliza kuona karaha. Kumbe bado. Yule kijana alimwacha Bwana wako ayeyuke. Wao walimkanyaga kwa viatu.

Mlinzi yuko hospitali. Wanaliogopea jicho.

Jioni akaja Bwana Shahamu. Habari za mlinzi hakuuliza. Alizunguka akipiga picha, uso unang'aa kama mtu aliyepata mtoto. Pale mlangoni kulikuwa na damu imechanganyika na mafuta, na mimi nilikuwa nimeshaleta ndoo na tambara. Akanishika mkono.

"Usifute," akasema. "Sasa imekamilika."

Nilifuta. Nilipiga magoti nikaifuta yote mbele yake, kisha nikamtoa nje kwa ukosi wa shati, na ruhusa ya kamati sikuiomba.

Polisi wameniuliza kama nilimtambua mtu. Nimewaambia watu walikuwa wengi.

Mdogo wako

*

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Jibu sijapata, nikadhani barua imepotea njiani, ndiyo maana naandika tena. Mama hajambo? Shemeji hajambo? Wadogo je? Spika hajambo?

Jicho la mlinzi limetolewa. Lililobaki linaona. Ameanza kulalamikia kitanda, na daktari anasema hiyo ni dalili njema. Bwana Shahamu anaitwa kwenye redio kuzungumzia uhuru wa msanii; hata mara moja hajamtaja mlinzi, nadhani jina lake halijui. Kamati wamenipa likizo isiyo na tarehe ya kurudi na wameniomba nisizungumze na mtu. Wifi yako anasema nimekuwa nikikaa sebuleni kama mgeni.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako

*

14 Mei

Mdogo wangu,

Barua zote mbili zilifika. Mama hajambo, goti limepoa. Shemeji yako alipata mafua, amepona. Wadogo wamefunga shule. Kuku wa jirani wameingia tena bustanini, tumewatoa. Mvua ni ya kutosha. Paa la jikoni limezibwa.

Mpe mlinzi pole.

Jumapili baada ya safari ile, Mchungaji aliwasimamisha vijana mbele, akawaita askari wa Bwana, na kanisa zima likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili.

Vitambaa vya madhabahu siku hizi anafua mwenzangu. Mikono inaniwasha.

Dada yako

*

8 Juni

Dada,

Nashukuru kwa habari za kuku. Umenitajia kila kilichomo nyumbani kwako mpaka paa, ukamwacha mmoja.

Sikuulizi. Nikikuuliza utalazimika kunijibu, na ukinijibu nitalazimika kufanya kitu.

Hospitali naenda karibu kila siku. Mzee ana swali moja. "Ulikuwa nyuma yangu," ananiambia. "Ulimwona?" Namjibu hapana. Anaugeuzia uso ukuta. Juzi aliniambia kwamba aliyempiga alikuwa akiimba kwa sauti nzuri sana, na alikuwa analia. Nikatoka wodini nikatapika kwenye ndoo ya wafagiaji. Hapakuwa na shahamu pale, Dada. Palinuka dawa tu.

Nilikuwa na kinyaa na kile kitu. Nikawa na kinyaa na aliyekitengeneza, halafu na waliokibomoa, nikadhani nimefika mwisho. Siku hizi nikinyoa ndevu siangalii macho, naangalia kidevu. Mimi ndiye niliyekuandikia kwa kiburi kwamba mtu aachwe aseme lake hata likichefua. Sasa mzee ananiuliza swali ambalo jibu lake ni neno moja, na mdomo nimeufunga.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mama alikuwa akitwambia hivyo akiwa ameshika fimbo, tukaona ni maneno ya fimbo.

Mdogo wako

*

5 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo na wadogo hawajambo. Spika yuko mahabusu, huko huko kwenu mjini, na aliyempeleka ni mimi.

Siku waliyorudi alilivua shati akalificha nyuma ya pipa la maji. Nililipata kwa pua. Nikalifua kwa sabuni ya unga, nikalifua kwa sabuni ya mche, nikalichemsha, nikalisugua kwa ndimu. Uvundo hautoki. Kwenye mkono wa shati mafuta yalikuwa yamegandana na kitu cha hudhurungi, na mimi ni mwanamke, damu naijua hata ikijificha. Mikono yangu hiyo iliyolifua ndiyo iliyotakiwa kushika vitambaa vya madhabahu Jumamosi iliyofuata. Sikuweza. Kisha ikaja barua yako, chuma kirefu chenye miguu mitatu. Nilikwenda stoo ya kanisa. Stendi ya kipaza sauti haikuwepo. Spika akasema waliisahau kwenye basi.

Nilikaa na jambo hilo kimya. Shemeji yako alisema tufunge midomo, mtoto ni mtoto, nami nikafunga, nikapika, nikafagia, nikakuandikia habari za kuku. Kila nilichopika kilinuka shahamu. Usiku namsikia anageuka kitandani mwake, mimi nageuka mwangu.

Barua yako ya mwisho ilipofika nilimkalisha jikoni nikamuuliza ilikuwaje. Akaanza kusema walikuwa wanamtetea Bwana.

"Sikuulizi habari za Bwana," nikamwambia. "Nakuuliza habari za mzee."

Alilia kwa kelele, kama alivyokuwa akilia mtoto. Alisema mzee aliwaita wanangu, na yeye alilisikia neno lile, lakini mkono ulishapanda. Alisema pia kwamba baadaye, wenzake walipokuwa ndani wanang'oa, naye akaingia akang'oa, kwa sababu hakujua pa kwenda.

Tukapanda basi. Kwako sikuja. Ningekuja ungenipa chai, nami ningebadili nia.

Tulianza hospitali. Mlinzi wako alikuwa amekaa kitandani anazozana na nesi juu ya blanketi. Spika alipiga magoti sakafuni akasema yote. Nakuambia ukweli, njia nzima nilikuwa naomba kitu kimoja: mzee amwinue, aseme yamekwisha, tulie sote, turudi nyumbani na basi la mchana. Mzee alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umeanzia kwangu ili usifike kule kwingine," akamwambia. "Nenda kule kwingine. Ukitoka, kama bado nipo, tutaongea."

Halafu akanipa pole ya safari na kumgeukia nesi. Hivyo tu. Nilimchukia pale pale, na nilijua hana kosa.

Polisi, Spika alitoa maelezo mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje nimeshika mkanda wake na viatu vyake.

Baadaye nilipita kwenye ukumbi wenu. Umefungwa, lakini nyuma kuna banda, na mabaki yamo humo ndani ya pipa, wamefunika na turubai mpaka kesi iishe. Mfagiaji alinifungulia. Nilitaka kukiona kitu kilichonichukulia mwanangu. Juu kabisa kulikuwa na mkono mzima, kiganja wazi, kucha zimechongwa vizuri kweli, na palipokuwa na msumari mende wanaingia na kutoka. Nilitapika ukutani. Mfagiaji akaniletea maji, nadhani ameshazoea.

Kwa hiyo nimekiona. Usidhani nimebadilika. Ni uchafu, aliyekifanya alijua ni uchafu, na wewe ulipaswa kukishusha.

Dada yako

*

22 Julai

Dada,

Ungekuja. Chai ningekupa, na nia usingebadili, nakujua. Wifi yako amenuna kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Anasema hata mtu akiwa na msiba lazima alale mahali.

Nimekwenda polisi nikabadili maelezo yangu. Nilisema nilimwona, kwamba ni mpwa wangu, na kwamba mara ya kwanza nilificha. Askari aliacha kuandika, akaniuliza kama nina hakika nataka neno hilo la mpwa liwemo. Nikamwambia liwemo. Nikamweleza pia habari za yule mtu mzima wa kipaza sauti. Jina silijui, uso naujua, na sasa ameitwa.

Kisha nikaenda kwa mzee kumjibu swali lake. Aliniita mshenzi. Kisha akaniamuru nimwekee mto vizuri.

Spika nimemwona. Amekonda. Ameniamkia vizuri, akaniuliza kama mama yake alifika salama. Tukazungumzia vipaza sauti.

Kamati wameniandikia kwamba hawanihitaji tena. Bwana Shahamu amealikwa nje akitengeneze upya, na safari hii, nasikia, atamchonga pia mlinzi, akiwa ameanguka chini ya msalaba. Hajamwomba ruhusa wala hajakanyaga wodini. Nilipomwambia mzee, aliuliza atatumia mafuta gani, maana yeye mwenyewe hana.

Umesema nilipaswa kukishusha. Ningekishusha, mzee angekuwa na macho yake na Spika angekuwa na nyaya zake. Sihitaji mtu wa kunifanyia hesabu hiyo. Na bado nikijirudisha pale, ufunguo mfukoni, simwoni mtu anayekishusha. Wewe ndiye uliyenilea. Niambie mimi ni mtu wa namna gani.

Mdogo wako

*

18 Agosti

Mdogo wangu,

Mama sasa anajua. Jioni ile akaniuliza kama huko gerezani wanapewa blanketi. Shemeji yako hazungumzi nami sana, lakini anakula. Mwambie wifi nitakuja, anune vizuri nikiwepo.

Wewe ni mbishi tangu tumboni, mama ni shahidi, ulizaliwa umetanguliza miguu. Sina maelezo mengine. Hatutakubaliana. Mimi nitakufa nikiamini kuna vitu havichezewi, na mtu akivichezea ananitemea mate mimi. Wewe utakufa na ufunguo wako. Mjinga atakayetuzika atuweke mbalimbali kidogo.

Hukumu ya kifungo uliisikia kabla yangu, kwa hiyo siirudii. Nataka kukueleza ya Jumapili iliyofuata.

Mchungaji alitangaza maombi maalumu. Akasema kanisa letu sasa lina shahidi gerezani, kijana wetu aliyefungwa kwa ajili ya imani, akamtaja jina lake la ubatizo, lile ambalo hata mimi huwa silitumii. Akina mama wakaanza kuitikia. Aliyekaa nyuma yangu akaniwekea mkono begani.

Nikasimama. Hujawahi kuniona nikisimama kanisani ila kwa wimbo.

"Mwanangu hakufungwa kwa ajili ya Bwana," nikasema. "Amefungwa kwa sababu alimtoboa mzee jicho. Mkitaka kumwombea mtu, mwombeeni mzee."

Mchungaji aliniambia kwa upole kwamba mama tuketi. Nikamwambia bado. Nikawaambia kile kitu cha mjini nimekiona kwa macho yangu, wao hawajakiona, na ni uchafu kuliko walivyosimuliwa. Nikawaambia kwamba vitambaa vile vyekundu nilivipiga pasi mimi. Nikawaambia kwamba waliporudi tuliwapigia makofi wakiwa bado wananuka, na hakuna aliyewauliza ile damu ni ya nani, na kwamba makofi yale yananichefua mpaka leo, pamoja na mimi niliyejificha nyuma ya kitabu.

Hakuna aliyesema amina. Yule wa nyuma aliuondoa mkono begani mwangu akaupangusa kwenye gauni lake, taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kibichi. Mchungaji akatangaza wimbo, namba akakosea, tukabaki tunapekua kurasa.

Shemeji yako alininong'oneza twende nyumbani, akatoka yeye. Nikakaa. Sikutoka, mdogo wangu. Ni kanisa langu. Waliposimama kuimba nilisimama nao, nikaimba mpaka ubeti wa mwisho, na pande zote mbili za benchi zilikuwa wazi.

Dada yako